Unataka Kufundisha Chekechea? Mafunzo, Fedha za Kusomea na Viwango vya Darasa, Hatua kwa Hatua

Maswali ninayoulizwa na watu wanaotaka kufundisha watoto wadogo hayazidi manne. Nisome cheti au stashahada? Ada nitaitoa wapi? Mwalimu mmoja anatakiwa awe na watoto wangapi? Mkaguzi akija anaangalia nini? Nimeyajibu mmoja mmoja mpaka sauti imekauka, kwa hiyo nayaweka hapa yote, kwa mpangilio ambao ningefurahi kama mtu angenipa siku naanza.

Mwongozo huu ni wa anayeanza kabisa, na wa yule msaidizi ambaye yuko kituoni miaka sasa ila hana karatasi. Kama wewe ndiye mwenye kituo, soma hatua ya 5 na ya 8. Hizo zinakugusa moja kwa moja.

Uwe navyo kabla ya kuanza

- Vyeti vyako vya shule na kitambulisho, pamoja na nakala zilizothibitishwa. Toa nakala nyingi, zitaisha.
- Hati ya polisi ya mwenendo mwema. Nchi nyingi hazimruhusu mtu kukaa na watoto kabla rekodi yake haijachunguzwa. Iombe mapema, maana ndiyo inayochelewa kuliko zote.
- Cheti cha huduma ya kwanza, tena ile ya watoto. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja akipaliwa hashughulikiwi kama mkubwa wake: unampiga mgongoni kati ya mabega na kumbonyeza kifuani, tumbo huligusi. Kama mkufunzi hakukufundisha tofauti hiyo, hiyo kozi si yako.
- Daftari gumu ambalo halitatumika kwa kazi nyingine.
- Kituo kimoja kilichokubali ukae nao kwa wiki mbili.

Hatua ya 1: Kaa na watoto kabla hujalipa ada

Wiki mbili, asubuhi nzima, bila malipo. Fika kabla ya watoto, ondoka baada ya mzazi wa mwisho. Kaa chini, usisimame pembeni ukiwa umekunja mikono. Utaona mtoto analia mlangoni dakika ishirini kisha ananyamaza ghafla kana kwamba hakuna kilichotokea. Utaulizwa swali moja mara kumi na moja. Utafuta kamasi. Ukirudi nyumbani siku ya nne bado unataka kurudi ya tano, endelea na hatua ya 2. Usipotaka, umeokoa ada ya mwaka mzima, na hakuna aibu hapo.

*Angalizo:* usikubali kuachiwa darasa peke yako siku hizo. Wewe ni mgeni unayejifunza, na kituo kinachokukabidhi watoto siku ya kwanza kimeshakuonyesha viwango vyake.

Hatua ya 2: Anza na mamlaka, chuo baadaye

Wengi hufanya kinyume. Wanalipa chuo, wanamaliza, kisha wanagundua kuwa cheti chao hakitambuliwi na wanaosajili walimu. Andikia mamlaka inayosimamia elimu ya awali unakotaka kufanya kazi, uombe majibu ya maandishi kwa mambo matatu: sifa za chini za msaidizi, za mwalimu wa darasa na za mkuu wa kituo, orodha ya vyuo vyenye ithibati, na kama usajili una muda wa kuisha.

Kuna nchi ambazo watoto wa chini ya miaka mitatu wako chini ya wizara ya afya au ustawi wa jamii, na wa miaka mitatu kwenda juu wako chini ya elimu. Ukiambiwa "hilo si letu", usikate tamaa, uliza ni la nani na uende huko.

Hatua ya 3: Chuja kozi kwa saa za vitendo

Jina la kozi lisikubabaishe. Nenda moja kwa moja kwenye saa: ngapi za darasani, ngapi na watoto halisi, na nani atakuja kukutazama ukifundisha.

Chukua kipimo cha kulinganishia. Cheti cha CDA (Child Development Associate) cha Marekani, cha wanaofanya kazi na watoto wadogo, ambacho ni cha ngazi ya kuingilia tu, kinadai saa 120 za mafunzo na saa 480 za kufanya kazi na watoto. Kwa kila saa moja ya kukaa kwenye kiti kuna saa nne za kukaa na watoto. Juu ya hapo kuna jalada la kazi (nalieleza kwenye hatua ya 7), mtihani, na mtaalamu anayekuja kukuona darasani. Kozi yako si lazima ifanane na hiyo, lakini ukikuta kozi ya saa 300 za nadharia na "ziara" moja ya kituo, jiulize unanunua nini.

Mimi nililinunua somo hilo kwa bei. Kozi yangu ya kwanza ilikuwa ya wiki sita, cheti kina muhuri unaong'aa, wimbo wa alfabeti tuliuimba vizuri kweli. Mtoto hata mmoja hatukumwona. Siku yangu ya kwanza kazini mtoto wa miaka miwili alining'ata mkono, nikabaki nimeduwaa namtazama mkuu wa kituo kama vile yeye ndiye aliyening'ata.

Uliza chuo haya kabla ya kujaza fomu:

a) Mazoezi ya vitendo nitatafutiwa kituo au nitajitafutia?
b) Mkufunzi atanitembelea mara ngapi, na nitapewa maoni ya maandishi?
c) Wakufunzi wenyewe waliwahi kufundisha watoto wa umri huu, au walihamishwa kutoka sekondari?
d) Kuna somo la watoto wenye mahitaji maalumu, na somo la kufanya kazi na wazazi?
e) Saa hizi zitahesabiwa nikitaka kupanda kutoka cheti kwenda stashahada?

Swali la (e) ndilo watu husahau, na ndilo linalowarudisha mwanzo baada ya miaka mitatu.

*Angalizo kuhusu Montessori:* Maria Montessori, daktari wa Italia aliyebuni njia ya kufundisha watoto wadogo inayoitwa kwa jina lake, alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto Roma mwaka 1907, na mwaka 1929 alianzisha chama cha AMI (Association Montessori Internationale) ambacho hadi leo hutoa diploma zake. Lakini mahali pengi jina lenyewe halina ulinzi wa kisheria, kwa hiyo yeyote anaweza kulibandika mlangoni. Ukiambiwa kozi ni ya Montessori, uliza diploma inatolewa na nani.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya gharama yote

Ada ni sehemu tu. Andika pia vitabu, nauli, bando la intaneti kama kozi ni ya mtandaoni, ada ya mtihani na ya usajili, na vifaa vya kutengenezea zana. Kisha andika ile inayoua watu kimyakimya: mshahara utakaokosa wakati wa mazoezi ya vitendo, au malipo ya mtu atakayekushikia darasa. Nimeona watu wakipata ufadhili wa ada asilimia mia moja na bado wakaacha masomo muhula wa pili, kwa sababu hiyo tu.

Hatua ya 5: Tafuta fedha, na usitegemee mfuko mmoja

Hapa ndipo nataka utulie.

Mfano mzuri kuliko yote ninaoufahamu ni T.E.A.C.H., mpango wa kuwadhamini walimu wa watoto wadogo wasome, ulioanzia North Carolina, Marekani, mwaka 1990. Ujanja wake ni rahisi kueleza. Gharama hugawanywa: mfuko wa udhamini hulipa sehemu kubwa, kituo kinachangia, mwalimu naye anachangia kidogo. Kituo humpa mwalimu muda wa kusoma. Akimaliza hatua aliyokubaliwa, mwalimu hupata nyongeza ya mshahara au bonasi, naye huahidi kubaki kituoni kwa muda maalumu. Kila mmoja ametoa kitu, kila mmoja ana sababu ya kutaka umalize.

Huhitaji kuwa Marekani kuutumia mpangilio huo. Uige kwa udogo:

1. Anza na mwajiri. Usiombe ada yote. Omba sehemu, na useme wazi utampa nini.
2. Nenda kwenye halmashauri, wizara, shirika linalohudumia watoto, taasisi ya dini au chama cha walimu. Waonyeshe kuwa mwajiri ameshaahidi. Mfadhili hupenda kuwa wa pili kuliko kuwa wa kwanza.
3. Sehemu yako ilipe kwa awamu ulizokubaliana na chuo kwa maandishi.
4. Mkopo uwe wa mwisho. Mshahara wa mwalimu wa chekechea mara nyingi ni mdogo kuliko wa shule ya msingi, na marejesho hayajali hilo.

Barua kwa mwajiri isizidi ukurasa mmoja. Hii hapa ni sehemu ya kati ya barua niliyomsaidia mtu kuandika:

> "Naomba kituo kigharimie theluthi moja ya ada ya stashahada ya miaka miwili. Theluthi ya pili nimeiombea udhamini, nakala ya maombi nimeambatisha. Theluthi ya mwisho nitailipa mwenyewe kwa awamu sita. Naomba pia saa nne kila Ijumaa kwa ajili ya masomo. Mwenzangu wa darasa la jirani amekubali kunishikia watoto wangu, nami nitamshikia wake kila Jumatano. Nikihitimu nitabaki kituoni si chini ya mwaka mmoja, na naomba mshahara wangu uangaliwe upya wakati huo."

Angalia kilichofanyika pale. Tatizo la nani atashika darasa limetatuliwa kabla mkuu hajaliuliza. Na nyongeza ya mshahara imetajwa bila kuona haya. Ukikaa kimya sasa, baadaye utaambiwa hukuwahi kuomba.

Ukiandikia ofisi ya serikali au shirika kubwa, wakumbushe waliyoyaahidi wenyewe. Lengo la 4.2 la Maendeleo Endelevu linataka watoto wote wapate malezi na elimu bora ya awali ifikapo 2030. Novemba 2022, kwenye mkutano wa UNESCO jijini Tashkent, Uzbekistani, nchi zilikubaliana kuelekeza angalau asilimia 10 ya matumizi ya elimu kwenye elimu ya awali, na kwamba mishahara na mazingira ya kazi ya walimu wa awali yasiwe chini ya yale ya shule ya msingi. Sentensi mbili za hayo zinatosha. Barua ya kuomba ada isigeuke hotuba.

*Makosa yanayonyima watu fedha:* kutuma barua moja ileile sehemu kumi bila kubadilisha jina la anayeandikiwa (hutokea kuliko unavyodhani). Kuomba baada ya muhula kuanza. Na kueleza shida zako kurasa mbili bila kusema kozi inaanza lini, wapi, na inagharimu kiasi gani.

Hatua ya 6: Soma mkataba wa ufadhili mpaka mwisho

Tafuta mambo manne: utabaki kwa mwajiri muda gani, ukiondoka mapema unarudisha kiasi gani, ukiugua au ukijifungua katikati ya masomo inakuwaje, kituo kikifungwa, deni ni la nani. Lisiloandikwa, liandikwe. Muda wa mwaka mmoja ni wa haki. Miaka mitano kwa cheti cha miezi sita, hapo umefungwa.

Hatua ya 7: Anza jalada siku ya kwanza

Jalada ni mkusanyiko wa ushahidi wa kazi yako: maandalio ya masomo, picha za zana ulizotengeneza, maoni ya wazazi, na zaidi ya yote, kumbukumbu za kuwatazama watoto. Wanafunzi wengi hulitengeneza wiki ya mwisho, na msahihishaji hulijua mara moja kwa sababu kurasa zote zina wino mmoja.

Kumbukumbu mbovu husomeka hivi: "Leo Z. alikuwa msumbufu, hakutaka kushirikiana na wenzake."

Nzuri husomeka hivi: "Saa 3:40 asubuhi. Z. (miaka 3, miezi 8) amepanga vibao sita, kidogo chini, kikubwa juu. Vinaanguka. Anavitazama. Mwenzake anataka kimoja, Z. anakikumbatia na kusema 'bado sijamaliza'. Anaanza upya, kikubwa chini. Vinasimama saba. Anampa mwenzake kibao cha nane."

Ni mtoto yuleyule, asubuhi ileile. Ya kwanza imeandika hukumu. Ya pili imeandika kilichoonekana na kusikika, na kutokana nayo unajua kesho umwekee nini mezani. Andika mbili kila siku, mistari mitano mitano. Tumia herufi badala ya majina, na picha ya mtoto usiiweke bila ruhusa ya mzazi ya maandishi.

Hatua ya 8: Lipime darasa lako mwenyewe

Watu wakisikia "viwango" wanawaza rangi za ukutani na bembea. Hivyo vinahesabika, ila kinachomfaa mtoto zaidi ni namna unavyozungumza naye, na hilo huwezi kulifanya kama watoto ni wengi kupita uwezo wako. Pima mawili haya.

*Uwiano.* Kila nchi ina namba yake, na namba ya kwenu ndiyo sheria. Kwa kulinganisha tu: England inataka mtu mzima mmoja kwa watoto watatu wa chini ya miaka miwili, na mmoja kwa watano wa miaka miwili. NAEYC, chama cha Marekani kinachotoa ithibati kwa vituo, hupendekeza mtu mzima mmoja kwa watoto kumi wa umri wa chekechea, na kundi lisizidi 20. Hesabu waliopo darasani saa hiyo. Aliye jikoni au ofisini hahesabiwi, hata kama jina lake liko kwenye rejesta.

*Mazungumzo.* Weka simu juu ya rafu, irekodi sauti yako dakika ishirini wakati wa michezo huru. Sikiliza usiku ukiwa peke yako (uwe peke yako kweli, utajionea aibu). Hesabu mara ulizotoa amri, mara ulizouliza swali lenye jibu moja, na mara ulizomjibu mtoto kwa namna iliyomfanya aseme zaidi. Kisha ifute, sauti za watoto za watu si za kutunza kwenye simu.

Haya ndiyo ya kawaida:

— Mwalimu, tazama!
— Eeh, hongera. Hiyo rangi gani?
— Nyekundu.
— Safi sana.

Mazungumzo yamekufa hapo. Sasa haya:

— Mwalimu, tazama!
— Naona umeizungushia mstari pande zote.
— Ni ukuta. Simba asitoke.
— Akitaka maji je?
— Nitamwekea tundu. Dogo. La mdomo tu.

Hakuna vifaa vipya vilivyonunuliwa. Mwalimu alisema alichokiona, akauliza asichokijua, akasubiri. Vipimo vinavyotumiwa sana na watafiti huangalia mambo ya namna hii. ECERS, iliyotungwa na Thelma Harms na Richard Clifford, ikatoka mwaka 1980, hulipatia darasa alama 1 hadi 7 kwa kuangalia nafasi, vifaa, ratiba na jinsi watu wanavyohusiana. CLASS ya Robert Pianta na wenzake nayo hutumia 1 hadi 7, ila macho yake yako zaidi kwa mwalimu na maneno yake. Huhitaji kununua chochote kati ya hivyo ili kuanza. Rekodi ya dakika ishirini kila mwezi, na mwenzako mmoja mwaminifu, inatosha kwa mwaka wa kwanza.

*Angalizo:* usijipime siku ya ugeni. Jipime Jumanne ya kawaida, mvua ikinyesha, na msaidizi akiwa hayupo.

Hatua ya 9: Ukaguzi

Ukishafanya hatua ya 8, hii ni ya makaratasi. Panga sehemu moja: rejesta ya mahudhurio, hati za wafanyakazi, kumbukumbu za ajali hata ndogo, mawasiliano ya wazazi, ruhusa za nani anamchukua mtoto, na ratiba ya mazoezi ya moto. Mkaguzi akiuliza kitu ambacho huna, sema huna na useme utakuwa nacho lini. Kurasa zilizojazwa usiku wa kuamkia ukaguzi hujulikana.

Ukikwama

*Nina uzoefu wa miaka kumi, sina cheti. Nianze sifuri?* Uliza kwanza kama kuna utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini. Sehemu nyingi upo, na jalada lako ndilo litakaloongea. Unaweza kusamehewa sehemu ya kozi.

*Mfadhili amechelewesha awamu, chuo kinanifukuza.* Peleka chuoni nakala ya barua ya ufadhili na uombe muda wa maandishi, siku hiyohiyo. Kimya ndicho kinachofukuzisha. Mwandikie mfadhili pia, ukimtajia tarehe ya mwisho ya chuo.

*Nina watoto arobaini na niko peke yangu.* Hilo si kosa lako na hutalimaliza kwa juhudi. Punguza madhara: wagawe makundi manne, matatu yacheze kwenye kona zisizohitaji mtu mzima karibu (vibao, kuchora, vitabu), wewe kaa na moja dakika kumi, kisha zungusha. Kaa mahali unapoyaona yote. Usiwaketishe wote arobaini wakikuimbia saa nzima kwa sababu tu ndivyo wanavyotulia. Halafu kila Ijumaa mwandikie mkuu idadi ya watoto na ya watu wazima ya wiki hiyo, mstari mmoja, ubaki na nakala. Siku jambo likitokea, nakala hizo ndizo zitakazoonyesha ulisema.

*Wazazi wanataka watoto wa miaka mitatu waandike, la sivyo wanawahamisha.* Usibishane mlangoni. Tundika michoro ya mtoto ya miezi mitatu mfululizo, na chini ya kila mmoja andika maneno aliyoyasema mwenyewe. Mwonyeshe mzazi mkono ulivyoimarika kutoka mstari uliopindapinda hadi duara lililofunga. Wengi huelewa wakiona. Wachache watahama, waage vizuri.

*Nimefeli walipokuja kunitazama nikifundisha.* Omba maoni ya maandishi, chagua jambo moja tu, lifanyie kazi wiki tatu, rudi. Anayejaribu kurekebisha makosa kumi kwa mpigo hufeli tena, safari hii kwa woga. Mimi nilifelishwa kwa kuongea mno. Niliambiwa nikiuliza swali nihesabu kimoyomoyo hadi tano kabla ya kusema neno lingine. Tano ni ndefu sana mbele ya watoto kumi na wanane. Kwenye nne ndipo walipoanza kujibu.